Umri peke yake hautoshi

Umeuliza kama mtoto wa miaka 8 anaweza kuanza kujifunza kulenga shabaha. Ndugu yangu, mimi natazama utii kwanza: ukimwambia "simama" anasimama papo hapo, au mpaka umwite mara tatu? Kama ni mara tatu, subiri. Akiwa tayari, anza na bunduki ya upepo, tena tupu. Mtutu usimwelekee mtu kamwe, kidole kilale ubavuni mwa bunduki, mbali na kifyatulio, mpaka aamue kupiga.

Hatari kubwa huja akipata shabaha: anageuka kwa furaha kukuonyesha, na mtutu unageuka naye! Kwa hiyo simama nyuma ya bega lake, karibu kabisa, uweze kuudaka. Miwani ya kinga lazima, maana vidonge, yaani risasi ndogo za bunduki ya upepo, hudunda. Nyumbani bunduki ifungiwe, risasi zifungiwe kwingine.