Maswali ya wasomaji: Transfoma ya tani 160, Durban hadi Zambia

Safari hii tumejibu barua zinazohusu mizigo mikubwa ya umeme na migodi inayotoka bandari ya Durban kwa barabara kwenda Zambia na Kongo. Ili hesabu zishikike, mfano wetu ni mmoja mpaka mwisho: transfoma ya tani 160 juu ya tela la haidroliki lenye safu 14 za ekseli, uzito wa tela tupu tani 56. Jumla tani 216, vichwa (malori ya kuvuta) bado havijahesabiwa.

Naendesha semi. Nikizidi tani 56 mizani inanilaza. Hawa wa tani 200 na zaidi wanaruhusiwaje?
*Dereva, Tunduma*

Lami haiumizwi na uzito wa jumla. Inaumizwa na kiasi ambacho kila ekseli na kila tairi linaikandamiza. Kwa sheria ya Afrika Kusini, ekseli yenye tairi nne inaruhusiwa tani 9, yaani tani 2.25 kwa tairi. Tela la mfano wetu lina tairi 8 kila safu, jumla tairi 112. Gawa tani 216 kwa 112 upate tani 1.93. Kwa lami peke yake, mzigo huu ni mwepesi kuliko semi yako iliyojaa.

Daraja ni habari nyingine kabisa. Semi ya tani 56 yenye urefu wa mita 22 inalibebesha daraja tani 2.5 hivi kwa kila mita. Safu za tela letu zimeachana mita 1.5, kwa hiyo tani 216 zinakaa ndani ya mita 21, zaidi ya tani 10 kwa mita. Daraja lenye nafasi ya mita 20 kati ya nguzo na nguzo litaubeba karibu mzigo wote kwa mara moja. Ndiyo maana kabla ya kibali mhandisi wa madaraja hukagua kila daraja na kila karavati la njia nzima. Kwa maoni yetu hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Kuendesha ni hatua ya mwisho tu.

Masharti ya kuvuka yanafanana karibu kote: gari jingine lisiwepo darajani, tela lipite katikati kabisa, mwendo uwe wa mtu anayetembea, na dereva asibadili gia wala kukanyaga breki akiwa juu, kwa sababu mtikisiko huongeza uzito. Daraja likiwa dhaifu, kichwa huunganishwa na tela kwa chuma kirefu cha kuvutia ili kiwe kimeshatoka kwenye nafasi hiyo kabla tela halijaingia. Isipotosha, unaongeza safu za ekseli, au unaubeba mzigo kwa boriti ndefu kati ya matela mawili ili uzito utawanyike. Njia ya mwisho ni kutengeneza kivuko cha muda mtoni wakati wa kiangazi.

Vichwa vingapi vinatosha kupandisha mlima? Nimeona viwili vinavuta na kimoja kinasukuma.
*Msomaji, Mbeya*

Usianze na nguvu ya injini, anza na mshiko wa tairi. Chukua mlima wa asilimia 6 na vichwa vitatu vya tani 30 kila kimoja. Msafara mzima ni tani 306. Asilimia 6 yake ni tani 18.4 za kuvuta, na msuguano wa tairi kwenye lami, tukiukadiria asilimia 2, ni tani 6. Unahitaji karibu tani 24.5.

Kichwa cha tani 30 kinaweza kuweka tani 22 kwenye ekseli zinazoendesha. Lami kavu inakupa mshiko wa 0.6 hivi, sawa na tani 13 kwa kichwa. Ikilowa unashuka kwenye 0.4, yaani karibu tani 9. Vichwa viwili (na msafara ukiwa tani 276, unahitaji tani 22) vitapanda pakiwa pakavu, lakini mvua ikinyesha vitateleza. Vitatu vinapanda hata pakiwa na maji, kwa nafasi ndogo. Hii pia ndiyo sababu kichwa hupakiwa vyuma au zege mgongoni: kikiwa chepesi tairi zitazunguka pale pale, hata injini ikiwa kubwa namna gani.

Hatari ya kusukuma ni kutosikilizana. Cha mbele kikipunguza mwendo na cha nyuma kikaendelea, msafara unajikunja. Redio iwe na mtu mmoja wa kutoa amri, na dereva wa nyuma arudie amri kwa sauti kabla ya kuitekeleza.

Kushuka kunahitaji uangalifu zaidi. Kwenye miteremko ya Zimbabwe kabla ya Chirundu, kichwa cha nyuma hakisukumi tena, kinazuia. Simama juu kabisa, jaribu breki za tela, ingia gia ya chini kabla mteremko haujaanza, na panga vituo vya kupoza. Kwenye kila kituo pima joto la ngoma za breki moja moja. Moja iliyo baridi wakati wenzake ni moto haifungi, na kazi yake wanaibeba wenzake.

Transfoma ilifika kwetu na geji ya hewa imeshuka. Msafirishaji anasema ni hali ya hewa. Nimwamini?
*Fundi umeme, Ndola*

Huenda anasema kweli, lakini ni jambo la kuthibitisha kwa hesabu. Transfoma kubwa husafirishwa bila mafuta na bila vihami vyake vya kauri vya kupitishia umeme ili kupunguza uzito. Tangi hujazwa hewa kavu au naitrojeni yenye shinikizo kidogo, ili unyevu usiingie kwenye karatasi za ndani zinazozuia umeme.

Geji husoma tofauti kati ya ndani na nje. Durban, usawa wa bahari, hewa ya nje ni kama bar 1.01. Johannesburg, mita 1,700 na zaidi juu, ni kama 0.83. Geji iliyosoma 0.25 Durban itasoma karibu 0.43 Johannesburg bila mtu kuongeza chochote. Ukiteremka bonde la Zambezi hadi Chirundu, kwenye mita 400 hivi, inarudi kama 0.29. Asiyejua ataona upungufu huo na kudhani kuna uvujaji.

Halafu joto. Tangi lenye 0.25 kwenye nyuzi 35 mchana litasoma karibu 0.15 alfajiri kwenye nyuzi 10, mahali pale pale.

Kwa hiyo daftari la safari liandikwe vitu vitatu kila asubuhi na jioni: geji, joto la chuma cha tangi, na kimo cha mahali. Jumlisha geji na hewa ya nje ya kimo hicho, gawa kwa joto baada ya kuliongezea 273. Jibu likibaki lile lile siku hadi siku, tangi ni zima. Likishuka mfululizo, paka maji ya sabuni kwenye vifuniko na vali, kisha ongeza hewa kavu kutoka kwenye mtungi ambao lazima usafiri na msafara. Geji ikigusa sifuri hata usiku mmoja, usijaze mafuta kabla ya kupima unyevu wa ndani.

Dai pia rekodi ya kifaa cha kunasa mishtuko. Isomwe kila mpaka mbele ya pande zote mbili, mwenye mzigo na msafirishaji. Ikisomwa mara moja tu mwisho wa safari, mtabishana nani aliyeigonga.

Minyororo mingapi inatosha?
*Msomaji, Lubumbashi*

Kiwango cha Ulaya kinachotumika sana kinataka mzigo uzuiwe kwa 0.8 ya uzito wake kuelekea mbele, na 0.5 kuelekea pembeni na nyuma. Kwa tani 160, mbele ni tani 128. Msuguano wa mbao na chuma ukiuhesabu 0.3 unakupa 48, zinabaki 80. Mnyororo wa milimita 13 wa gredi ya 80 unabeba tani 10, lakini ukifungwa kwa pembe ya 45 chini na 45 pembeni, unakufaa tani 5 tu. Minyororo 16 basi, kwa upande wa mbele pekee. Ukiweka vizuizi vya chuma vilivyochomelewa kwenye tela, idadi inapungua sana. Kaza upya baada ya kilomita chache za mwanzo, mbao zikishakandamizika.

Nyaya za umeme zinapimwaje?
*Msomaji, Kapiri Mposhi*

Gari la mbele hubeba mti usiopitisha umeme, umezidi kilele cha mzigo kwa sentimita 10 hadi 15. Pima mchana wa joto, maana waya ukipata moto hulegea. Njia iliyopimwa asubuhi ya Julai si ile utakayoipita mchana wa Oktoba. Tela la haidroliki linaweza kushushwa sentimita 30 hivi, na mara nyingi hiyo inatosha. Isipotosha, shirika la umeme lizime na kuinua lenyewe. Msaidizi asiinue waya kwa mti.

Kwa nini wengine wanazunguka kupitia Botswana? Na vibali?
*Wakala, Dar es Salaam*

Daraja la Kazungula, mita 923, lilifunguliwa Mei 2021 na kuondoa pantoni, hivyo unaingia Zambia bila kupita Zimbabwe. Kuingia Botswana, daraja la Groblersbrug juu ya Limpopo ni la chini na mto hulifurikia. Skilpadshek upande wa Lobatse ni njia mbadala.

Kila nchi inatoa kibali chake. Kibali hutaja namba za magari, mzigo, njia, siku na saa, na kwa kawaida usiku au kwenye ukungu hakuna kutembea. Andikisha kichwa cha akiba tangu mwanzo, maana kikiharibika kimoja njiani, kisichotajwa hakiruhusiwi kuvuta. Bima ya kadi ya njano ya COMESA inafanya kazi Zimbabwe, Zambia na Kongo. Afrika Kusini na Botswana haimo, kwa hiyo panga bima ya huko kando.