Ukiandika Programu Mteja ya UDP, Shughulikia Zaidi Namna Inavyongoja Jibu

Yeyote anayetaka kujifunza kuandika programu za mtandao namshauri aanze na UDP, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya kutuma data kwa vifurushi vinavyojitegemea viitwavyo datagramu, na hasa aanze kwa kuiuliza seva saa. Jon Postel aliieleza UDP mwaka 1980 katika RFC 768, mojawapo ya nyaraka zinazoeleza itifaki za intaneti, yenye kurasa tatu tu. Kichwa cha datagramu kina baiti 8: poti (nambari inayotambulisha programu ndani ya mashine) ya mtumaji, poti ya mpokeaji, urefu, na hesabu ya kukagua makosa. Hakuna hatua ya kufungua mawasiliano wala ya kuyafunga, na hakuna anayekuhakikishia kwamba ulichotuma kimefika. Kwa hiyo kutuma ni kazi ya mistari michache, na ustadi wa programu mteja, yaani ile inayoiuliza seva, unabaki katika kungoja: ingoje kwa muda gani, ikubali jibu la nani, na ifanye nini jibu lisipokuja.

Kazi yangu ni kutengeneza vifaa vidogo vya kupima kiwango cha maji katika matangi ya nyumba za kupangisha hapa Nairobi, na vifaa hivyo havina betri ya kutunza saa. Stima ikipotea na kurudi, kifaa huamka kikidhani ni tarehe 1 Januari 1970, na hapo kila muunganisho uliosimbwa hukataliwa, kwa kuwa kwa saa ya kifaa hicho cheti cha seva bado hakijaanza kutumika. Ndiyo maana programu ya kuuliza saa huitangulia nyingine yoyote katika kila kifaa ninachokiunda.

Kwa mazoezi, zipo itifaki za zamani zilizoandikiwa nyaraka mwezi Mei 1983: Echo katika poti 7, ambayo hukurudishia ulichotuma, Daytime katika poti 13, ambayo hujibu hata datagramu tupu kwa kukuandikia tarehe na saa, na Time katika poti 37. Ziendeshe katika kompyuta yako mwenyewe, ndani ya anwani ya 127.0.0.1. Seva nyingi za nje zimezifunga, tena kwa sababu nzuri, kwani mtu akighushi anwani ya mtumaji anaweza kuzifanya mashine mbili zijibizane bila kikomo.

Itifaki ya Time hukupa baiti 4 zinazohesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1900. Baiti nzito, yaani yenye thamani kubwa zaidi, hutangulia, na kompyuta nyingi tunazotumia huzipanga kinyume, kwa hiyo zigeuze kabla ya kuhesabu. Kisha toa 2,208,988,800 ili upate hesabu inayoanzia mwaka 1970. Hesabu hiyo ya biti 32 itajaa na kuanza upya tarehe 7 Februari 2036, na kifaa kinachofungwa juu ya paa leo huenda bado kitakuwa kazini siku hiyo. Iandikie kanuni yake sasa.

Kwa kazi halisi tumia NTP, itifaki ya kulinganisha saa kupitia mtandao, poti 123. Ombi ni baiti 48. Ya kwanza iwe 35, yaani toleo la 4 na hali ya mteja, na zinazofuata ziwe sifuri, isipokuwa baiti 8 za mwisho, ambazo nakushauri uzijaze nambari ya nasibu. Seva hunakili nambari hiyo katika jibu lake, kuanzia baiti ya 24 ukihesabu kutoka sifuri, na saa yenyewe utaikuta kuanzia baiti ya 40. Jibu lisilo na nambari yako, au lililotoka katika anwani au poti ambayo hukuiuliza, litupe. Huenda limeghushiwa, au ni jibu la ombi la awali lililochelewa njiani, jambo la kawaida kwa anayetumia data ya simu. Vilevile ukiona baiti ya pili ya jibu (ya 1 ukihesabu kutoka sifuri) ni sifuri, usisome saa iliyomo: seva inakuarifu kwamba hutakiwi kuendelea kuiuliza kwa namna unayoiuliza.

Hifadhi saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa anayoitoa seva, jinsi ilivyo, na uongeze sekunde 10,800 za Afrika Mashariki wakati wa kuonyesha tu. Ikiwa mlinzi wa jengo anataka kuona saa za Kiswahili kwenye kioo, toa saa sita hapo hapo, wala usiguse hesabu ya ndani.

Sasa kuhusu kungoja kwenyewe. Soketi, yaani mlango ambao programu hutumia kutuma na kupokea, usiyoiwekea kikomo cha muda itangoja milele jibu lililopotea, na kifaa kitaonekana kimekufa. Mimi huweka sekunde chache za kungoja, kisha nikaacha muda upite kabla ya kuuliza tena, na kila nikikosa jibu naongeza muda huo maradufu. Waraka wa RFC 4330 wa mwaka 2006, uliohusu wateja wadogo wa NTP, ulikataza kabisa kuuliza kabla ya sekunde 15 kupita. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, Marekani, kilifurikiwa na maombi ya saa kutoka kwa ruta za nyumbani zilizoandikiwa anwani ya seva yake moja kwa moja, ambazo zilipokosa jibu zilirudia kuuliza kila sekunde. Kwetu hatari hiyo iko karibu zaidi, kwa sababu stima ikirudi mtaani vifaa vyote huamka kwa pamoja. Kwa hiyo kila kifaa kisubiri kwanza kwa muda wa nasibu, na anwani ipatikane kwa jina, kama ke.pool.ntp.org, isiandikwe kwa tarakimu ndani ya programu.

Ukitoka hapo nenda kwenye DNS, mfumo unaobadilisha majina ya mtandao kuwa anwani, poti 53, ambako jibu la kawaida lilikomea baiti 512. Huko andaa nafasi ya kutosha ya kupokelea, maana datagramu ikizidi nafasi uliyoitengea, kilichobaki hupotea na usomaji unaofuata hautakirudisha.

Kabla ya kuipeleka programu kwenye paa la mtu, andika pia seva ndogo yenye hila katika kompyuta yako: inyamazie baadhi ya maombi, icheleweshe mengine, na mara nyingine irudishe nambari isiyo yako au jibu lililokatwa katikati. Acha programu mteja ihangaike nayo usiku kucha, kisha asubuhi usome kumbukumbu yake mstari kwa mstari.