Maswali ya Wasomaji: Jiko la Moshi la Peleti Linapozimika Usiku

SWALI: Ndugu Mhariri, nina jiko la moshi linalotumia peleti, yaani vijipande vidogo vya mbao iliyoshindiliwa. Nikioka kuku kwa saa mbili halinisumbui hata kidogo, lakini kila ninapoweka kidari cha ng'ombe usiku ili kiive hadi asubuhi, naamka na kukuta jiko limepoa, kidhibiti kinaonyesha alama ya hitilafu, na tangi bado lina peleti zaidi ya nusu. Fundi ameniambia nibadilishe kidhibiti. Je, nimsikilize?

JIBU: Usinunue kidhibiti bado, kwa sababu hizo peleti zilizobaki ndizo zinazotuonyesha pa kuanzia. Parafujo iliyo chini ya tangi, yaani kile chuma kirefu kama skrubu kinachosukuma peleti hadi kwenye moto, huvuta peleti zilizo juu yake moja kwa moja, na saa zinavyopita shimo huchimbika katikati huku zile za pembeni zikibaki zimeegemeana ukutani bila kuteremka. Anayechungulia juu juu huona peleti tele, kumbe mdomo wa parafujo uko wazi na moto umekosa chakula. Mpiko wa saa mbili huisha kabla shimo halijafika chini, na ndiyo maana kuku wako huiva salama. Koroga tangi kwa mwiko mrefu wa mbao kila baada ya saa tatu au nne, na hasa kabla ya kwenda kulala, lakini usiingize mkono wakati parafujo inazunguka. Peleti zenye vumbi jingi zichekeche kwanza, kwa kuwa vumbi ndilo linalozifanya zishikamane.

Jambo la pili ni majivu. Kikombe cha moto, yaani kibakuli ambamo peleti huwaka, kina vitundu vidogo vinavyopitisha hewa ya feni, na majivu yakiviziba moto hudhoofika, kisha hufa. Kwa joto la nyuzi 110 hivi za Selsiasi, majiko mengi huteketeza kati ya nusu kilo na kilo moja ya peleti kwa saa, na katika upepo au baridi kali huteketeza zaidi. Kwa hiyo mpiko wa saa 12 unaweza kumaliza kilo 6 hadi 12, na ukiuanza juu ya majivu ya mipiko mitatu iliyopita, usishangae ukizimikiwa alfajiri. Safisha kikombe kabla ya kila mpiko mrefu, jiko likiwa limepoa kabisa, kwani kaa hai huweza kujificha ndani ya majivu kwa saa nyingi na kuunguza mashine ya kufyonza vumbi.

Kuhusu kiwashio, ambacho mafundi wengi hupenda kukilaumu, kumbuka kwamba katika majiko mengi hufanya kazi dakika chache za mwanzo tu. Jiko lililowaka vizuri jioni na kuzimika saa tisa usiku kwa kawaida halina ugonjwa wa kiwashio. Kiwashio kibovu hujulikana mwanzoni kabisa: peleti hurundikana kikombeni na hakuna moshi unaotoka.

Ninalotaka ulizingatie zaidi ni namna ya kuliwasha tena jiko lililozimika. Kidhibiti kikiona joto linashuka, huamuru peleti ziongezwe, nazo zikipatikana huendelea kumwagika kwenye kikombe kisicho na moto hadi kinafurika. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha wakati huo, peleti hizo hufuka bila kuwaka, moshi mzito hujaa ndani ya jiko, na ukishika moto wote kwa mkupuo unaweza kukirusha kifuniko. Zima, chomoa waya, acha jiko lipoe, toa nyama, chanja na sinia la mafuta, kisha ondoa kila peleti iliyomo kikombeni ndipo uwashe upya, kifuniko kikiwa wazi. Nyama yenyewe ipime katikati: ikiwa bado ina nyuzi 60 au zaidi, ihamishie kwenye oveni imalizie huko. Ikiwa imeshuka chini ya hapo na hujui tangu saa ngapi, itupe, hata kama inakuuma.

SWALI: Joto la ndani ya nyama yangu lilipanda vizuri hadi nyuzi 68, kisha likagoma kwa saa nne. Jiko lilikuwa nyuzi 110 wakati wote. Je, peleti zangu hazina nguvu?

JIBU: Peleti zako hazina kosa. Nyama kubwa hutoa jasho, na jasho hilo linapogeuka mvuke huipoza nyama karibu sawasawa na jiko linavyoipasha. Hali hiyo huanza kwenye nyuzi 65 hivi na inaweza kudumu kwa saa kadhaa. Unaweza kusubiri, au ukaifunga nyama kwa foili au kwa karatasi isiyo na nta. Kufungua kifuniko kila baada ya robo saa kuitazama hakusaidii kitu, ila kunaongeza muda.

SWALI: Kidhibiti kinasema nyuzi 110, lakini kipimajoto nilichoweka kwenye chanja kinasema 125. Nimwamini yupi?

JIBU: Kwanza hakikisha kwamba kipimajoto chako ni mkweli. Kitie katika maji yaliyojaa barafu iliyopondwa, kisome sifuri, kisha katika maji yanayochemka, kisome 100 ikiwa uko usawa wa bahari. Kwa kila mita 300 unazopanda, punguza nyuzi moja hivi. Kikifaulu, kagua kihisio cha jiko, yaani kile kijiti chembamba kinachochomoza ndani, mara nyingi ubavuni. Utando mweusi wa mafuta na masizi hukifanya kichelewe kuhisi joto, nacho kidhibiti huendelea kulisha moto. Jiko likiwa limepoa, kifute kwa kitambaa kilicholoweshwa kwa siki kidogo, usikikwaruze kwa chuma. Tofauti ikibaki, linganisha vipimo kwa nusu saa nzima badala ya kusoma mara moja, kwa kuwa peleti huingia kwa mafungu na joto kupanda na kushuka nyuzi 10 ni jambo la kawaida. Tofauti isiyobadilika haihitaji fundi. Panga tu kidhibiti chini kidogo.

SWALI: Mvua ilininyeshea jiko, na sasa mota inanguruma lakini parafujo haizunguki. Nifanye nini?

JIBU: Zima mara moja, wala usiendelee kuilazimisha mota. Peleti ni unga wa mbao ulioshindiliwa. Ukipata maji huvimba, hujaza njia ya parafujo, kisha hukauka na kuwa mgumu kama saruji. Chomoa waya, acha jiko likauke, ondoa peleti zote tangini, fungua skrubu inayounganisha parafujo na mota, kisha izungushe parafujo kinyumenyume kwa koleo hadi ilegee uivute nje na kukwangua njia yake. Baadhi ya majiko yana pini laini iliyokusudiwa kukatika kabla mota haijaungua. Ikikatika, weka nyingine ya aina ile ile, wala usikubali fundi akuwekee msumari.

Kabla ya kujaza tena, chukua peleti moja uivunje kwa vidole. Iliyo kavu hukatika kwa mlio mkavu, na ganda lake linang'aa. Iliyonyonya unyevu haina mng'ao na humong'onyoka kimya kimya kuwa unga. Jiko lisipotumika kwa wiki moja au zaidi, usiache peleti tangini, bali zihifadhi katika ndoo yenye mfuniko unaobana.

SWALI: Je, naweza kutumia peleti za kupashia nyumba joto, kwa kuwa ni za bei nafuu?

JIBU: Hapana. Nyingi hutengenezwa kwa miti yenye utomvu kama msonobari, na nyingine huwa na mabaki ya mbao zenye gundi au rangi, na moshi wake wote utaishia kwenye chakula. Nunua zilizoandikwa kwamba ni za kupikia.