Vidole vya Baba Bado Vina Ganzi

SWALI: Baba yangu ni mvuvi wa Kibirizi, Kigoma, na ameishi na kisukari miaka kumi. Miezi sita iliyopita alijikata kwenye kifundo cha mkono kwa kisu cha kupasulia migebuka, akashonwa mshipa wa fahamu hospitalini. Kovu limekauka, lakini kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete bado vina ganzi. Jirani yetu asiye na kisukari aliumia vivyo hivyo na hisia zilimrudia mapema. Je, mshipa wa baba umekufa?
Binti wa Mvuvi, Kigoma

JIBU: Binti yangu, ni mapema mno kusema hivyo. Mshipa wa fahamu ulioshonwa huota kwa takriban milimita 1 kwa siku, tena baada ya kukaa wiki kadhaa bila kusogea. Na kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha mwisho ni kama sentimita 15, kwa hiyo hata mtu asiye na kisukari hungoja miezi mitano au zaidi.

Kwa mgonjwa wa kisukari mwendo huo hupungua. Sehemu ya mshipa iliyo mbele ya jeraha hufa, na mabaki yake lazima yaondolewe na chembe nyeupe za damu pamoja na seli za Schwann, ambazo ndizo zinazoulisha na kuuongoza uzi mpya wa mshipa unaoota. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, usafishaji huo huchelewa, seli hizo hudhoofika, na vijishipa vya damu vinavyoulisha mshipa wa fahamu huharibika. Muulize pia kama nyayo zilikuwa zikimwaka moto usiku kabla ya ajali, kwani huenda mishipa yake ya fahamu ilikwisha kuchoka.

Gonga taratibu kwa ncha ya kidole kuanzia kwenye kovu kuelekea kiganjani. Mahali pa mbali zaidi panapomtekenya kama umeme ndipo nyuzi mpya zilipofika. Weka alama, urudie baada ya mwezi.

Sukari ishushwe kwa mpango wa daktari, wala asijiongezee dozi, maana kushuka kwa ghafla nako kunaweza kuumiza mishipa ya fahamu. Kama anatumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, aombe kipimo cha vitamini B12, kwa sababu upungufu wake huleta ganzi pia. Na sufuria ya moto asiishike kwa mkono huo, kwani ataungua bila kujua.

Alama isiposogea kwa miezi mitatu, au nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ikizidi kubonyea, mrudisheni kwa daktari aliyemshona bila kungoja, kwa kuwa msuli uliokosa mshipa wake kwa mwaka mmoja na nusu ni nadra kurudia nguvu zake.