Mkuu, hilo la kumwandikisha neno mara 20 liache leo hii

Simama hapo hapo. Umesema binti yako wa miaka 7, darasa la pili, akikosea herufi moja anachana ukurasa na kulia, na kuanzia Jumatatu kila neno atakalokosa kwenye imla ataliandika mara 20 "mpaka likae". Halikai. Ushauri huo hata mimi niliuziwa na mwalimu wa tuisheni, uso mkavu kama daktari, ada ikapokelewa. Sijui alisomea wapi, ila sidhani kama aliwahi kumtazama mtoto akiandika hizo mara 20.

Mtazame wewe. Akifika mstari wa nne haandiki neno tena, anaandika nguzo: anashusha m zote mpaka chini, halafu w zote, halafu a zote, ili amalize akacheze. Mkono unafanya kazi, sikio limelala. Na akiruka herufi kwenye mstari wa nane, kuanzia hapo ananakili kosa, maana jicho linafuata mstari wa juu yake, si ule wa kwanza uliouandika wewe. Hapo "mwanafuzi" imepigiwa mazoezi mara 13, kwa usimamizi wako.

Hiyo ni kwa mtoto yeyote. Kwa mtoto asiyevumilia kukosea ni balaa zaidi, kwa sababu unamfundisha bei ya kujaribu: neno gumu moja, mistari 20. Ana akili huyo, atapiga hesabu. Baada ya muda insha zake zote zinakuwa "Baba anakula. Mama anapika. Kaka anacheza." Kosa hakuna, mwalimu anaweka vema, wewe unatuma picha kwenye kundi la familia, kumbe mtoto ameacha kuandika. Mdomoni anasema "tuling'oa mihogo shambani", lakini kwenye daftari hathubutu kuigusa ng'oa, ataandika "tulikula mihogo". Makosa yaliyopungua kwa njia hiyo yaogope kuliko makosa yenyewe.

Kanuni ni moja, ibandike kwenye friji: siku ya kuandika si siku ya kusahihisha. Siku ya kuandika raba haipo mezani. Haipo kabisa, hata ile ya kitako cha penseli. Mtoto wa aina hii akiwa na raba anaandika herufi tatu, anafuta mbili, karatasi inatoboka, kilio kinaanza, na sentensi aliyokuwa nayo kichwani imeshakimbia.

Mpe daftari la nyumbani lisilokwenda shule. Penseli iwe 2B, ni laini, hatakandamiza mpaka vidole viume. Tega simu dakika 10, ikilia anaacha hata katikati ya sentensi. Akikosea anakata kwa mstari mmoja mlalo na kuendelea, neno lililokatwa libaki linasomeka, maana kesho unalihitaji. Neno asilokuwa na uhakika nalo aliandike anavyolisikia, kisha alipigie mstari chini. Akiuliza linaandikwaje, usimtajie herufi. Mwambie aliseme polepole huku akipiga kofi kwa kila silabi. Ukimtajia leo, kesho hataandika neno bila kukutazama usoni kwanza. Akimaliza, zungumzia alichosema tu: "Kwa hiyo paka alikimbilia wapi?" Ulimi ukikuwasha, nenda kachemshe chai.

Kesho yake ndipo mnasahihisha, maneno mawili tu, hata kama yaliyokosewa ni 11. Anza na yale aliyoyapigia mstari mwenyewe, kwa sababu hapo alishahisi kitu, na kuhisi huko ndiko unakotaka kukuza. Usiweke mkasi, ile alama ya X ya kosa. Hesabuni silabi zilizo sawa: mwa-na-fu-nzi, yeye kaandika "mwanafuzi", kwa hiyo 3 kati ya 4 ni sahihi, tafuteni iliyobaki. Akishaipata: aangalie neno, aliseme, alifunike kwa kiganja, aandike, afunue, alinganishe. Mara tatu zinatosha, ila kila mara awe amefunika. Asipofunika tumerudi kwenye nguzo. Baada ya siku mbili mwulize tena, na wiki inayofuata mara moja.

Utagundua makosa ya Kiswahili yana ukoo, kwa kuwa karibu kila kitu kinaandikwa kinavyosikika: n au m inayomezwa kabla ya konsonanti, ng' inayogeuka ng, dh inayogeuka z, h inayopotea, na r na l kubadilishana viti. Hili la mwisho kama linatokana na lugha ya nyumbani, usimlaumu mkono, fundisha sikio: kura na kula, mahari na mahali, wewe unatamka, yeye anaonyesha kadi. Kama yuko mchepuo wa Kiingereza, silabi hazitamwokoa sana, hesabuni herufi. Aliyeandika "freind" ana herufi zote sita, mbili tu zimekaa viti visivyo vyao.

Kuna wanaokwambia ujifanye umekosea mbele yake ili aone ni kawaida. Watoto wananusa maigizo. Kaa mezani na wewe andika kitu cha kweli dakika hizo hizo 10, ukate unapokata.

Pale shuleni imla itaendelea na kalamu nyekundu itaendelea. Mwombe mwalimu wake, kwa heshima, asimpe adhabu ya kurudia maneno. Akikataa, usiiongezee nyumbani. Na kama miezi inapita bado anachanganya b na d au anasogeza uso hadi kwenye karatasi, kampime macho kabla ya yote.

Uliuliza pia tuisheni ya Jumamosi na kwamba anaandika kwa mkono wa kushoto. Tuisheni siwezi kuijibu bila matusi. Mkono mwachie anaoutumia, ila daftari liinamishe kidogo kuelekea kulia ili aone anachoandika.