Chagua mtihani kwanza, ndipo umtoe mtoto shuleni

Dada, ngoja kwanza. Umeandika kutoka Makorora, hapa Tanga, kwamba Ijumaa utakwenda kumwondoa binti yako wa darasa la tatu ili umfundishe nyumbani pamoja na mdogo wake wa miaka minne, na unauliza wasome saa ngapi kwa siku, utumie vitabu gani, uanze na lugha ipi, na umjibu nini mama mkwe anayedai kwamba unawafungia watoto ndani. Hayo yote yana majibu. Hiyo Ijumaa ndiyo iliyonishtua, kwa sababu nami niliwahi kumwondoa mwanangu shuleni namna hiyo hiyo, hapa hapa Ngamiani, na aliyelipa gharama ni yeye.

Naye alikuwa darasa la tatu. Sikuomba uhamisho wala sikuandika barua. Niliacha tu kumpeleka, nikaamini mambo yamekwisha, kumbe shuleni jina lake liliwekwa miongoni mwa watoro mpaka likakatwa. Nyumbani tulisoma vizuri, na hili nalisema bila unyenyekevu wowote. Alisoma Kiswahili bila kukwama, akazijua sehemu na desimali kwa hesabu za machungwa ya Muheza tuliyokuwa tukinunua kwa gunia na kuuza kwa rejareja, na akafikia hatua ya kumsahihisha baba yake chenji mbele ya wageni. Kwa hiyo usidhani ninakukatisha tamaa. Kufundisha hakukunishinda mimi niliyekuwa ninaogopa hesabu tangu utotoni, na wewe hakutakushinda. Kilichonishinda ni karatasi.

Wenzake walipofika darasa la saba nilivaa vizuri, nikamchukua mwanangu, nikaenda kuomba afanye nao mtihani wa Septemba. Mwalimu mkuu alinipokea kwa ustaarabu, akaniuliza namba ya PReM. Sikuwahi kuisikia. Ni namba ya mwanafunzi katika mfumo wa kumbukumbu unaotumiwa na Baraza la Mitihani, nayo humfuata mtoto kutoka shule moja hadi nyingine. Ya mwanangu ilipotafutwa, kumbukumbu zake ziliishia darasa la tatu, pasipo upimaji wa kitaifa wa darasa la nne wala chochote kilichofuata. Nilikuwa nimesikia habari za watahiniwa wa kujitegemea, yaani wanaofanya mtihani bila kuwa wanafunzi wa shule, nikadhani wapo katika kila ngazi. Wapo kidato cha nne na cha sita, na kwa ambaye hakupitia sekondari ya kawaida upo Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT. Lakini mtahiniwa wa darasa la saba huandikishwa na shule anayosoma, naye mwanangu hakuwa na shule. Nikatoa mkobani cheti chenye muhuri wa dhahabu nilichotumiwa na watu walioniuzia masomo. Mwalimu mkuu akakigeuza mbele na nyuma kama anayetafuta bei, kisha akanirudishia kwa mikono miwili.

Akarudi darasa la nne. Mtoto aliyekuwa akisoma gazeti lote pamoja na matangazo ya vifo aliketi na watoto wa miaka tisa, magoti hayaingii chini ya dawati, nao wakambatiza jina la Mwalimu wa Zamu. Shuleni alicheka pamoja nao. Nyumbani hakucheka, na kwa muda mrefu hakutaka nimfundishe kitu chochote.

Sasa niruhusu nimseme aliyenishauri, ingawa jina lake nitalihifadhi kwa heshima ambayo yeye hakunipa. Alijitambulisha kuwa mlezi wa mama wanaofundisha nyumbani, akaniuzia kwa dola mtaala wa Kimarekani ambao somo lake la kwanza la sayansi lilikuwa theluji, na mwanangu akachora mtu wa theluji katika joto la Tanga la mwezi wa pili. Nilipomuuliza kuhusu mitihani alinijibu kwamba huo ni woga wa watu wasiojiamini. Marekani elimu ya nyumbani imekuwa halali katika majimbo yote 50 tangu mwaka 1993, na kila jimbo lina utaratibu wake, kwa hiyo mama wa huko anayo njia iliyokwisha kufyekwa. Hapa kwetu Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe shule ya msingi. Mshauri wangu aliniuzia nusu ya habari kwa bei nzima, na nilipompigia simu baada ya yote hayo alinieleza kwamba kuna kifurushi kipya.

Kwa hiyo chagua mtihani kwanza. Ukichagua wa Baraza, binti abaki katika daftari la shule iliyosajiliwa na ahudhurie, nawe umfundishe jioni, Jumamosi na likizo. Na kama shule hiyo haikuridhishi, omba uhamisho rasmi, usikae kimya. Mama anayefundisha jioni naye ni mwalimu, asikudanganye mtu. Ukichagua wa Cambridge, ule wa Uingereza, tafuta kwanza kituo kilichosajiliwa kinachopokea watahiniwa wa nje, ujue ada yake, na ujue kwamba akitaka kurudi katika mfumo wetu utahitaji ulinganifu wa matokeo kutoka Baraza la Mitihani. Majibu hayo uyapate kwa maandishi, na kabla hujayapata usinunue hata daftari.

Vitabu vya kiada vinapatikana bila malipo katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania; angalia tu toleo, maana mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, na darasa la tatu lilikuwa miongoni mwa madarasa ya kwanza. Huyo mdogo mfundishe kwa raha zako, uanze na silabi za Kiswahili, kwa kuwa herufi zetu hutamkwa kama zilivyoandikwa na mtoto huona matunda mapema.

Ijumaa nenda, lakini ukaombe namba ya PReM ya binti yako na nakala ya maendeleo yake, uziweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Ukiambiwa urudi Jumatatu, rudi Jumatatu.