Mpe kijana wako kitu kinachoweza kuharibika

Wiki iliyopita mama mmoja wa Makambako aliniandikia ujumbe mrefu saa tano usiku. Mwanaye wa kiume ana miaka kumi na mitano, yupo kidato cha pili. "Dada yangu, huyu mtoto hana malengo. Nimemkalisha chini, nimemwandikia ratiba, nimeibandika ukutani. Ratiba ipo, mtoto hayupo. Nifanyeje?"

Nilisoma ule ujumbe mara tatu, na usingizi ukakata. Ukuta huo ninaujua.

Wangu ulikuwa hapa Igawilo, Mbeya, chumba cha nyuma kinachotazama barabara ya Tukuyu. Mwaka 2015, wiki ambayo mwanangu wa kwanza alianza kidato cha kwanza, nilichukua maka pen nyekundu na karatasi ya manila nikaandika DAKTARI kwa herufi kubwa. Chini yake nikaandika Fizikia, Kemia, Biolojia. Chini zaidi nikapanga saa zake zote: kuamka saa kumi alfajiri, kusoma, shule, tuisheni, kusoma, kulala saa nne usiku. Nikaibandika na gundi ya karatasi kila kona ili isibanduke.

Sikumuuliza kitu. Udaktari niliutaka mimi. Mimi niliishia darasa la saba, na tangu nikiwa msichana nampeleka mdogo wangu kliniki mgongoni nilikuwa natamani lile koti jeupe. Mtoto wa kiume alipozaliwa nikasema huyu ndiye atakayelivaa.

Nataka mnielewe, sikuwa mama mzembe. Mwaka 2016 ada ilipofutwa kwenye sekondari za serikali mpaka kidato cha nne, majirani walishusha pumzi. Mimi niliendelea kumlipia mwanangu shule binafsi, basi linamfuata mlangoni, na nikauza kipande cha shamba ili asikatishwe. Nilimfulia mpaka soksi. Nilimpigia pasi. Usiku nilimpangia begi kufuatana na vipindi vya kesho. Akipoteza mkebe wa hesabu, nanunua mwingine. Akikosana na mwalimu, naenda mimi kuomba radhi. Jumamosi wenzake wanabeba maji au wako shambani, wangu yupo tuisheni Soweto ya hapa Mbeya na nauli ya kwenda na kurudi mfukoni. Nilikuwa nawaambia watu kwa fahari kwamba mwanangu ana kazi moja tu duniani, kusoma.

Januari 2019 matokeo yalitoka. Daraja la nne, pointi 31.

Familia ikakaa kikao sebuleni kwangu. Wajomba walisema yao, mashangazi yao. Ilipofika zamu ya mtoto mwenyewe alininyanyulia macho akasema taratibu, bila hasira: "Mama, udaktari ni wako. Mimi sijawahi kuuomba." Wifi yangu akadakia: "Na wa kiume huyu mmoja tu, naye umeshindwa kumlea?" Miaka imepita. Sentensi ya mwanangu nimeshaielewa na nimeshaisamehe. Ya wifi bado naisikia jioni nikiwa peke yangu nafunga duka.

Kijana akaondoka nyumbani akaenda Tunduma. Miezi minane sikusikia sauti yake. Leo ni fundi wa malori makubwa pale mpakani, analipa kodi yake, anamsaidia bibi yake. Ila njia hiyo aliitafuta mwenyewe akiwa na njaa, na sehemu ya hiyo njaa niliipika mimi.

Nilikaa na hilo jambo muda mrefu. Mtoto wa miaka kumi na minane alikuwa hajawahi kusimamia kitu chochote maishani mwake, hata begi. Angepangaje lengo? Anayelenga lazima awe amewahi kurusha jiwe akakosa. Mimi nilimshikia jiwe, nikamshikia mkono, nikamrushia, halafu nikashangaa hajui shabaha.

Kwa hiyo mdogo wake, binti, alipomaliza kidato cha kwanza Desemba 2021, nilifanya tofauti. Sikubandika kitu. Nilimchukua tukapanda Hiace mpaka Isongole kwa mama yangu. Bibi akamwonesha robo eka nyuma ya nyumba. Nikamwambia: "Hapa ni pako. Utalima viazi. Mtaji nakukopesha mimi, shilingi 380,000, mbegu gunia mbili, mbolea, vibarua na dawa. Ukivuna unanirudishia. Kinachobaki ni chako, ukikosa deni linabaki vilevile." Nikampa kauntabuku mpya, kurasa zote tupu.

Mimi nauza pembejeo hapo Uyole, kwa hiyo viazi navijua. Kiazi ni mwalimu mkali na ana haraka: miezi mitatu mpaka minne umeshapata jibu. Parachichi la kupandikizwa linataka miaka kama mitatu kabla ya kuonja tunda, kijana atakuwa ameshasahau alianza lini. Sharti langu lilikuwa moja: mtoto hashiki bomba la dawa. Anapuliza kibarua mtu mzima aliyevaa buti na barakoa. Kazi ya binti ni kumtafuta kibarua kabla ya Alhamisi, kubeba dawa Jumamosi asubuhi, kusimama mbali upepo unakotoka, kuhesabu pampu, kulipa, kuandika.

Desemba na Januari mambo yalikwenda vizuri, hayana la kusimulia. Shule zikafunguliwa, akawa kidato cha pili, Jumamosi anakwenda Isongole anarudi na matope mpaka magotini.

Februari kukawa na sherehe ya kipaimara ya rafiki yake. Akaniaga kwa furaha, akavaa gauni, akaenda. Jumamosi hiyo viazi havikupulizwa. Iliyofuata ilinyesha tangu alfajiri, kibarua akasema haji, naye binti akalala mpaka saa tatu.

Katikati ya wiki ile wingu lilikalia mlima siku nne bila kusogea. Watu wa huku mnajua baridi yake. Dukani niliuza dawa ya ukungu mfululizo, wakulima wanaingia wameloa mabegani, wananunua wanakimbia. Dawa ya kinga inafanya kazi ikiwa imeshakaa kwenye jani kabla ugonjwa haujaingia. Nilikuwa najua kabisa kinachotokea Isongole saa ile. Namba ya kibarua ninayo. Niliitoa simu, nikafungua jina lake, nikaliangalia. Dakika moja tu ingetosha.

Sikupiga. Niliirudisha simu mfukoni nikaenda kupanga mifuko ya mbolea ambayo ilikuwa imeshapangwa.

Jumamosi ya tatu tulikwenda pamoja. Harufu tuliipata kabla ya kufika, ile harufu ya majani ya viazi yanayooza. Binti aliinama akageuza jani moja. Juu lilikuwa na baka jeusi lenye ukingo wa kimajimaji, chini kuna utando mweupe mwembamba kama vumbi la unga. Akageuza la pili, la tatu, akaanza kutembea haraka kwenye matuta, anageuza majani upande huu na huu. Mwisho akasimama katikati ya shamba, mikono imening'inia. Hakuniangalia. Bibi alitoka na chai ya maziwa akamwekea kwenye kigogo na kurudi ndani bila neno. Namshukuru mama yangu kwa ule ukimya kuliko kwa mambo mengi aliyonifanyia.

Tulitegemea gunia tisa. Alivuna tatu, na mnunuzi akataka zijazwe lumbesa, yaani kupita mdomo wa gunia. Akapata 180,000. Deni likabaki 200,000. Usiku ule alikaa mezani na kauntabuku mpaka taa za majirani zikazimika. Asubuhi nilikuta ukurasa umeandikwa kwa mwandiko wake, na nimeuomba niunakili hapa kama ulivyo:

"Kibarua apatikane Jumatano, siyo Alhamisi. Wawe wawili, mmoja akikataa. Sherehe yoyote ni baada ya saa saba mchana. Mvua ikinyesha Jumamosi ni Jumapili baada ya misa. Nadaiwa 200,000. Mwezi wa tatu mwaka kesho nisidaiwe."

Mstari wa mwisho ndio uliokuwa lengo la kwanza la maisha yake. Lina kiasi, lina tarehe, na hakuna mtu aliyemwandikia. Miaka minne nilimbandikia kaka yake lengo kwenye manila na halikuingia ndani ya ngozi. Huyu lake lilitoka kwenye jani lililooza.

Msimu uliofuata nilimkopesha tena kiasi kilekile, akawa anadaiwa 580,000. Alivuna gunia kumi, akauza kwa 75,000 kila moja. Alinilipa zote, akabaki na 170,000. Alihesabu noti mbele yangu mara mbili, mkono unatetemeka kidogo. Ule utulivu wa Jumatano na Jumamosi ukahamia kwenye vitabu bila mimi kusema lolote. Na Desemba 2023, akielekea kidato cha nne, alinijia jikoni: "Mama, msimu huu nalima nusu. Nina mtihani Novemba." Nilisimama na mwiko mkononi. Hesabu ya namna ile kuna watu wazima hatuiwezi.

Wazazi wenzangu, nawaomba tuambiane ukweli. Tumegeuka kuwa wafanyakazi wa ndani wa watoto wetu, halafu tunalalamika hawajitambui. Unamfulia, unamwamsha, unamtafutia kalamu, unamalizia kazi yake ya nyumbani, halafu unamuuliza ukubwani unataka kuwa nani. Atajibu chochote ili uondoke mlangoni.

Mpe kitu kinachoweza kuharibika mikononi mwake. Kitu halisi, kikiharibika kionekane, na uwe na uwezo wa kukaa kimya kikiharibika. Najua wengine mtasema mimi nina shamba na ninyi mnapanga vyumba viwili Mwanjelwa au Kihesa. Mpe luku. Mwisho wa mwezi mkabidhi pesa ya umeme ya nyumba nzima, yeye ndiye ananunua, anagawa, anaangalia mita. Ikiisha tarehe ishirini na mbili, mtakaa na mshumaa mpaka tarehe thelathini. Baba asitume pesa kwa siri. Au mpe pesa ya mboga ya wiki. Au kuku watano wa mayai na hesabu yake. Kidogo kiasi kwamba hasara haitaiua nyumba, kikubwa kiasi kwamba atalia.

Mpe na daftari. Aandike mwenyewe. Usikosoe mwandiko, usiongeze mstari. Lengo liwe moja, liwe na tarehe. Mkiwa na hamu ya kuandika, andikeni ya kwenu. Malengo ya kijana yaandikwe na kijana.

Na mkiona mambo yanaharibika, kaeni. Hapa ndipo wengi tunaanguka, na kina mama zaidi. Tunaita huruma. Kuna jirani aliniambia nilikuwa mkatili kwa zile gunia sita, na neno hilo nimelitafakari sana, nimeliombea. Nilichokuja kukiona ni kwamba nilimwonea huruma kaka yake kila siku kwa miaka minne, na huruma ile yote ilimfikisha Tunduma bila nauli ya kurudi.

Kwako mama wa Makambako: ile ratiba ibandue leo, mbele yake. Usihutubie. Muulize tu, "Kitu gani humu ndani ungependa kiwe chini yako?" halafu nyamaza, hata ikichukua siku tatu. Simu usimnyang'anye, mpe jukumu ambalo atahitaji hiyo simu kulifanya. Huko kwenu viazi na mahindi vinapita kila siku, hutakosa la kumkabidhi.

Nimalizie kwa kukiri jambo, maana sijapona kabisa. Januari 2025 binti alipata daraja la pili. Wakati wa kurekebisha machaguo kwenye selform, ile fomu ya kuchagua kidato cha tano au chuo, ulipofika, akasema hataki kidato cha tano, anataka chuo cha kilimo hapahapa Uyole. Mimi moyo ulishaenda kwenye Kemia, Biolojia na Jiografia, kidato cha sita, kisha Morogoro, chuo kikuu cha Sokoine. Siku mbili mfululizo nilimsemesha. Nikianza asubuhi nawasha mkaa, namalizia usiku nafunga mlango. Yeye anasema tu, "Sawa mama, nimesikia."

Siku ya tatu akanipigia kaka yake kutoka mpakani. Nyuma kulikuwa na mlio wa injini, ikabidi apaze sauti.

"Mama, usianze tena ukuta."

Nilikata simu, nikamwita binti nikampa bando na nywila ya intaneti ya dukani. Akajaza mwenyewe kwenye benchi la nje, machaguo yote, mimi nikiwa ndani nampimia mteja mbegu za kabichi.